Kubana Matumizi Bila Kumpunja Mtoto: Maji, Mboga na Vitabu Nyumbani Kitengela

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela, katika Kajiado Mashariki. Wengi ni familia changa. Baba au mama yuko kazini katika viwanda vya Athi River na eneo la EPZ, au anaamka alfajiri kupanda matatu ya Nairobi, na watoto wanabaki katika ploti ya kupanga ambako ua wote ni saruji. Maji hununuliwa kwa mtungi, sukuma kwa fungu, mafuta ya kupikia kwa kipimo. Huo ndio uchumi wa kadogo, na kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile: wapi pa kupunguza?

Pa kupunguza papo. Mboga inaweza kutoka kwenye gunia lililo kando ya mlango, na kumsomea mtoto hakuhitaji pesa nyingi. Lakini kuna sehemu moja ambapo familia hupunguza bila kujua gharama yake, nayo ni kikombe cha maji cha mtoto mdogo. Kwa hivyo makala haya yanaanza na maji, na yatakaa hapo kwa muda.

Meno huharibika kabla hayajaota

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Kajiado, Kitengela ikiwemo, yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya ukanda huu hupita kiwango hicho.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa ni wakati madhara yanapotokea. Gamba la nje la meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi anapofika takribani miaka 8. Floraidi nyingi anayokunywa katika miaka hiyo huingia kwenye jino kabla halijaonekana. Jino linapoota likiwa na madoa meupe au ya kahawia, kazi imekwisha kufanyika, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Mtu mzima aliyehamia Kitengela akiwa na miaka 30 meno yake hayatabadilika rangi kwa maji hayo hayo, ingawa kuyanywa kwa miaka mingi yakiwa na floraidi ya juu sana kunaweza kudhuru mifupa. Anayelipa haraka ni mtoto.

Floraidi haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Maji ya chumvi si lazima yawe na floraidi nyingi, na maji matamu si lazima yawe salama. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale, na kiwango chake kwa kila lita kinapanda. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haigusi floraidi. Vinavyoiondoa ni vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa, au mitambo ya kusafisha maji kwa shinikizo inayotumiwa na baadhi ya maduka yanayouza maji ya kujaza mtungi.

Mkazi anaweza kumwomba mwenye kisima, mwenye nyumba au muuzaji wa maji amwonyeshe matokeo ya maabara. Si ukorofi. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu anachonunua. Katika karatasi hiyo atafute mstari wa floraidi, si wa chumvi peke yake.

Kuna chanzo kingine ambacho kiko jikoni, nacho kinachimbwa katika kaunti hii hii. Magadi, yale yanayotiwa kwenye maharagwe yaive upesi na kwenye kunde au mrenda ulainike, hubeba floraidi nyingi. Huokoa makaa, ni kweli. Lakini huongeza floraidi juu ya ile ya maji, na pia huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa asubuhi, huiva kwa moto mdogo bila magadi. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina floraidi na huzuia mwili kupata madini ya chuma, kwa hivyo isiwe kinywaji cha kila siku cha mtoto wa miaka miwili.

Kwa mtoto mchanga habari ni njema. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji ya kisima, na hayanunuliwi. Hadi miezi sita mtoto hahitaji hata tone la maji. Hatari huja pale maziwa ya unga au uji unapokorogwa kwa maji ya kisima kila siku.

Hesabu ya paa

Maji ya mvua hayana floraidi ya miamba, nayo ni ya bure. Wapangaji wengi huona uvunaji wa maji ya mvua kama jambo la wenye nyumba zao na matangi ya lita 10,000. Hesabu inaonyesha vingine.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya mabati hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Mvua nzuri ya siku moja, tuseme milimita 20, huangusha juu yake lita 960. Ukiondoa yale yanayoruka pembeni na kumwagika, zinabaki kama lita 770. Familia ya watu watano inayotumia lita 5 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa na kupikia peke yake, inahitaji lita 750 kwa mwezi. Yaani mvua moja ni mwezi mmoja, kama kuna pa kuyaweka.

Na kama hakuna, familia iwafikirie kwanza walio chini ya miaka 8. Watoto wawili wa umri huo, kila mmoja akitengewa lita 2 kwa siku za kunywa na uji, wanahitaji lita 4. Kuanzia Juni, mvua ya masika inapokwisha, hadi ile ya vuli inapoanza mwishoni mwa Oktoba, ni kama siku 150. Hizo ni lita 600: mapipa matatu ya lita 200. Mapipa matatu yanaingia kwenye kona ya ua wa ploti yoyote, na kipande cha gata chenye bomba juu ya mlango mmoja kinatosha kuyajaza kabla ya mwezi Juni. Maji ya kisima yaendelee kufua, kupiga deki na chooni.

Mambo machache ya kuzingatia. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa, hasa Kitengela ambako vumbi halipumziki. Paa la asbesto lisitumike kwa maji ya kunywa. Maji yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa, kwa sababu ndege hawaombi ruhusa kutua kwenye mabati. Pipa liwe na mfuniko unaofungwa na koki ya kuchotea chini. Mfuniko huzuia mbu na mwani, lakini sababu kubwa ni mtoto anayejifunza kutembea: anaweza kuzama hata ndani ya ndoo.

Gunia mlangoni

Udongo mweusi wa nyanda hizi una rutuba kuliko sifa zake. Taabu yake ni kwamba mvua ikinyesha hunata na kutuamisha maji, na jua likiwaka hupasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa. Mwenye kiwanja ainue tuta na kuchanganya samadi nyingi, na asiulime ukiwa umelowa kwa sababu utakauka kama tofali. Mpangaji asiye na udongo kabisa atumie gunia. Njia hiyo ilienea Kibera mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, watu walipohitaji chakula mahali pasipo na shamba.

Gunia la kilo 90 hujazwa mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza. Katikati husimamishwa kopo lililotobolewa pande zote mbili na kujazwa kokoto. Udongo unapopanda, kopo huvutwa juu na kokoto zinabaki chini, hadi inapatikana nguzo ya mawe kutoka chini hadi mdomoni. Nguzo hiyo ndiyo siri yake. Bila hiyo maji hubaki juu na miche ya chini hukauka. Ubavuni hutobolewa matundu yaliyoachana kwa sentimita 15 hivi, na gunia moja hubeba miche kama 30.

Samadi ndiyo faida ya kuishi Kajiado. Mkazi wa Nairobi huinunua kwenye mifuko, wakati hapa maboma ya wafugaji yako mwendo mfupi kutoka barabara ya lami na samadi ya mbuzi mara nyingi hupatikana kwa gharama ya kuibeba tu. Iachwe ioze miezi kadhaa. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Kuhusu maji, gunia linahitaji kama lita 5 kwa siku wakati wa jua. Maji ya kusuuza nguo na ya kuosha mboga yanafaa, yakimwagwa kwenye udongo na si juu ya majani. Maji ya kwanza ya kufulia yenye sabuni nyingi, na yale ya nepi, yasitumike. Palipo na maji ya kisima yenye chumvi peke yake, spinachi huvumilia vizuri, sukuma hujitahidi, lakini maharagwe, karoti na vitunguu hudhoofika.

Gunia moja la sukuma lililoshika vizuri linaweza kutoa mapishi mawili au matatu kwa wiki, kwa hivyo familia haitaachana na mama mboga. Kinachobadilika ni aina ya mboga. Terere na majani ya kunde huwa tayari baada ya wiki tatu au nne, na managu hustawi kwenye beseni lililotoboka. Zikipikwa muda mfupi na mafuta kidogo, pamoja na nyanya, humpa mtoto vitamini A na madini ya chuma ambayo sukuma ya kila siku haitoi kwa kiasi hicho. Na mtoto wa miaka minne aliyemwagilia managu mwenyewe huonja anachokipika mama, hata kama ni chungu kidogo.

Kitabu cha kwanza kiko nyumbani tayari

Karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo ina kitabu kimoja ambacho haikukinunua: kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki. Mara nyingi hufunguliwa siku ya chanjo na kurudishwa kwenye begi. Ndani mna chati ya uzani, maelezo ya chakula kwa umri, na ratiba ya vitamini A, ambayo hutolewa bila malipo kila miezi sita kuanzia mtoto anapotimiza miezi 6 hadi miaka 5. Kinastahili kusomwa na baba pia.

Vitabu vya hadithi ni ghali zaidi tangu Sheria ya VAT ya 2013 ilipoondoa msamaha wa kodi kwa vitabu. Kwa upande mwingine, tangu 2018 serikali ya kitaifa hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwa shule za umma, na mzazi wa shule hizo anaweza kuelekeza shilingi zake kwenye hadithi. Vitabu vya mtumba vya watoto hupatikana kwenye vibanda vya kandokando ya barabara za katikati ya Nairobi. Mradi wa African Storybook wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini hutoa hadithi za picha bila malipo, zikiwemo za Kiswahili na za Kimaasai. Mzazi huzipakua mara moja penye intaneti na kuzisoma kwa simu baadaye.

Mtoto wa chekechea hahitaji rafu nzima. Hupenda kitabu kile kile jioni baada ya jioni, na kurudiarudia huko ndiko kunamfundisha maneno. Lugha iwe ile ambayo mzazi anaimudu, Kimaasai, Kikamba, Kikuyu au Kiswahili, kwa sababu anayesoma kwa kujikwaa huacha baada ya siku tatu. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufungua picha na kusimulia. Familia nne za ploti moja, kila moja ikinunua vitabu viwili na kubadilishana kila mwezi, zina vitabu vinane.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za kilimo, zahanati na vituo vya afya, elimu ya chekechea, vituo vya kulea watoto na maktaba. Kwa hivyo ushauri wa miche hutafutwa kwa afisa wa kilimo wa wadi, na maswali ya uzani wa mtoto hupelekwa zahanati au kwa mhudumu wa afya wa jamii. Wakazi wanaotaka chumba cha kusomea cha watoto, au maji ya chekechea yao kupimwa floraidi, waseme hayo katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, kabla ya makadirio kuwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili.