IST imeacha kutengenezwa, mbona bei haishuki?

Asubuhi hapa Nzuguni, Dodoma, si ajabu kuona bodaboda moja imebeba mzazi na watoto wawili wenye sare, vumbi likiwafuata nyuma. Nasi tuliishi hivyo miaka miwili. Siku mwanetu mdogo aliposinzia juu ya boda, akaponea kwa kaka yake kumshika shati, tuliamua kuwa akiba yetu ya Sh13 milioni inanunua gari.

Baba watoto alikuwa ameshachagua: Toyota IST ya toleo la kwanza, namba D, dalali anataka Sh12.5 milioni. Nikamuuliza, gari lililoacha kutengenezwa zamani linauzwaje bei hiyo?

Kulijibu swali hilo kulituchukua wiki mbili. Huenda tuliyojifunza yakamfaa mzazi mwenzangu anayejipanga kununua gari dogo.

Spea zinashikilia bei

IST ilianza kuuzwa Japan mwaka 2002. Toleo la pili lilikuja 2007, na 2016 uzalishaji ukakoma. Ungetarajia bei yake ianguke, lakini huku kwetu imesimama kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni spea. Injini za toleo la kwanza, ya cc 1,300 na ya cc 1,500, ni za ukoo mmoja na zilizofungwa kwenye Probox, Raum na Spacio. Fundi wa mtaani anazijua, na vifaa vyake vingi havihitaji kuagizwa mbali.

Jirani yetu alinunua gari dogo zuri kuliko IST, kwa bei nafuu, ila la aina isiyozoeleka. Lilikaa juu ya mawe wiki tatu akisubiri kifaa cha gia boksi kutoka Dar es Salaam. Alipoamua kuliuza, alipewa chini ya nusu ya fedha aliyotoa.

Kodi ya uzee

Sababu ya pili ni kodi. Gari dogo la mtumba linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 huongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 5. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18.

Chukua gari la miaka 12 ambalo TRA imelithaminisha Sh5 milioni hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni Sh1.25 milioni, hivyo unafika Sh6.25 milioni. Asilimia 5 ya hapo ni Sh312,500, na asilimia 30 ya uchakavu ni Sh1.875 milioni. Ukiongeza VAT, jumla ni karibu Sh9.96 milioni, kabla ya tozo nyingine na gharama za bandari. Kodi peke yake imekaribia bei ya gari.

Kumbuka pia TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, si lazima ile iliyo kwenye risiti yako. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, na unaweza kukitumia kwa simu kabla ya kuagiza.

Sasa hesabu miaka. IST za mwisho, za 2016, zinatimiza miaka 10 mwaka 2026. Zikishapita hapo, kwa viwango hivi, kila IST itakayoingia nchini itabeba asilimia 30. Ndiyo maana mwenye nayo tayari hana haraka ya kushusha bei.

Usinunue kwa shilingi ya mwisho

Bei nilishaielewa. Lakini kuna IST kwa jumla, na kuna ile moja uliyosimama mbele yake.

Tulimlipa fundi wetu Sh50,000 aikague ile ya dalali. Maji ya rejeta yalikuwa na kutu, gia ilichelewa kuingia na bushi zilikuwa zimekufa. Akakadiria matengenezo ya Sh1.8 milioni. Dalali akapunguza Sh700,000, kisha akaniambia, "Mama, kuna mtu anakuja saa kumi na hela mkononi." Tukamwacha amsubiri mtu wake.

Baada ya wiki mbili tulipata nyingine kwa Sh10.8 milioni, ya mwalimu aliyekuwa anahama. Jina kwenye kadi ya gari lilikuwa lake. Tuliangalia kama ina deni la faini za barabarani, tukaandikishiana mkataba kwa mwanasheria na kuanza kuhamisha umiliki wiki hiyo hiyo.

Sh2.2 milioni zilizobaki ndizo zilizotuokoa. Matairi mawili, bushi, shokapu za mbele, oili na chujio la hewa vilikula Sh1.1 milioni, maana vumbi na mashimo ya huku havina huruma. Tukakata bima, na kilichobaki kikaenda kwenye ada ya Januari.

Baba watoto alikuwa na wasiwasi kuhusu safari za Dar es Salaam. Lakini tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo si lazima tena iamue ukubwa wa gari. La kwetu linatakiwa kufika shuleni, sokoni na hospitali.

Tukiliuza baada ya miaka mitatu kwa Sh9 milioni, tutakuwa tumepoteza Sh1.8 milioni, yaani Sh50,000 kwa mwezi. Ongeza petroli na matengenezo, utaona gari linatugharimu zaidi ya boda. Nisikudanganye, hatukununua ili kubana matumizi. Tulinunua ili mtoto akisinzia njiani, asinzie kwenye kiti.

Kabla hujamkabidhi muuzaji fedha, andika kwenye karatasi kiasi utakachobaki nacho. Kama ni sifuri, gari hilo bado ni ghali kwako, hata kama dalali anakuapia kuwa ni bei ya kutupa.