Kabla Mtoto Aingie PP1: Panga Pesa Septemba, Upumue Januari

Mbona tunaongea mambo ya Januari na bado ni Septemba? Kwa sababu Januari hakuna anayesikiliza. Sherehe zimeshakula akiba, kila simu ni ya karo, na si bure watu waliubatiza mwezi huo Njaanuari. Sasa hivi bado kuna nafasi ya kupumua. Kwa hivyo kaa nasi dakika tano, hasa kama nyumbani kuna mtoto ambaye mwaka ujao anaingia PP1.

Wiki iliyopita tulikuwa Kondele, Kisumu, tukizungumza na wateja wetu mmoja mmoja. Jioni, wakati bodaboda zinashindana na matatu na moshi wa mahindi ya kuchoma umetanda kando ya barabara, tuliketi na mama mmoja anayekaanga mgongo wazi. Ameomba tusitaje jina lake, na tumeheshimu. Lakini hadithi yake ametuambia tuieneze.

Januari iliyopita kifungua mimba wake alikuwa anaanza shule. Jumapili jioni, kesho yake ikiwa ni siku ya kufungua, ujumbe uliingia kwenye simu: mzazi, nambari ya malipo ya shule imebadilika, tuma karo kwa nambari hii leo usikose nafasi. Alikuwa amesimama mbele ya karai, mafuta yanachemka, wateja wanangoja. Akatuma shilingi 4,500 kwa mkono mmoja.

Jumatatu asubuhi, langoni, ofisi ya shule haikuwa na habari ya pesa yoyote. Nambari haikuwa yao. Alipopiga simu kwetu, pesa zilikuwa zimeshatolewa. Asubuhi yote akawa kwenye simu, mara huku mara kule, sauti ikipanda, na mtoto amesimama kando ameshika leso ya mamake. Mwishowe shule ilimruhusu mtoto aingie, na mama akalipa karo ile mara ya pili, kidogo kidogo, hadi mwisho wa Machi.

Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Siku chache baadaye alimkuta mtoto nje na watoto wa jirani, wanacheza kalongolongo. Mmoja ni baba, mwingine ni mtoto, na wake ndiye mama anayepeleka mtoto shule. Akachukua kipande cha sabuni, akakiweka sikioni kama simu, akapiga kelele: “Nirudishie pesa yangu! Wewe ni mwizi!”

“Wenzake walicheka, na mimi nikacheka nao,” alituambia. “Halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani.”

Mtoto anaiga kila kitu

Sisi ni watu wa malipo, si walimu. Lakini hadithi hiyo ilitukumbusha aina moja ya shule ambayo imejengwa juu ya jambo hilo hasa: kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kuiga na kwa kucheza.

Shule hizo huitwa za Waldorf. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1919 mjini Stuttgart, Ujerumani. Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alimwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aanzishe shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, na jina la kiwanda likabaki kuwa jina la shule. Chekechea yao ya kwanza ilifuata mwaka 1926, mji huohuo. Hapa Kenya, Rudolf Steiner School Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, ilianza mwaka 1989.

Ukiingia chekechea ya aina hiyo, usitarajie kuona watoto wamejipanga wakiimba herufi. Utaona mwalimu akikanda unga wa mkate na watoto wakikanda naye. Watafagia, wataosha vikombe, watacheza kwa vipande vya mbao, vitambaa na udongo. Hadithi husimuliwa kwa mdomo bila kitabu, na hadithi ileile hurudiwa siku kadhaa mpaka mtoto aijue. Siku ina mpangilio usiobadilikabadilika, kwa sababu mtoto akijua kinachofuata anatulia. Kusoma na kuandika rasmi huja baadaye, karibu na miaka 7.

Mtaala wetu ni tofauti. PP1 mtoto ana miaka 4, PP2 ana miaka 5, na shughuli za lugha na hesabu zinaanza hukohuko. Hatusemi uache hayo. Tunachosema ni kwamba mengi ya yale mazuri ya Waldorf hayahitaji karo ya shule kubwa. Kalongolongo ni bure. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili kuukuu ni bure. Na ukimwambia nyanya Mjaluo kwamba kuna Wazungu waliogundua kusimulia watoto hadithi bila kitabu, atacheka sana. Sigana zilikuwa zikisimuliwa jioni kwenye siwindhe, nyumba ya nyanya, kabla hata hiyo Stuttgart haijafikiria shule.

Wiki ya kwanza: mtoto anahitaji nini?

Tuliwauliza wazazi wa Kondele walinunua nini mtoto alipoanza shule. Begi la magurudumu, chupa ya katuni, viatu viwili, saa. Kisha tukauliza mtoto alihitaji nini. Mama mmoja alifikiri kidogo, akasema: “Alihitaji nisiwe na haraka.”

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kwa hivyo anza nyumbani, wiki mbili au tatu kabla ya kufungua:

Mlaze na umwamshe saa zilezile za siku za shule. Tembea naye mpaka lango la shule mara moja au mbili, aione njia akiwa hana presha. Mpe kazi ndogo anayoweza: kukunja nguo zake, kupanga viatu. Msimulie hadithi moja kila usiku, na akitaka ileile tena, msimulie ileile tena. Siku ya kwanza muage, umwambie utarudi saa ngapi za siku yake (“baada ya uji na mchezo”), halafu urudi kweli. Usitoroke akiwa ameangalia kando.

Haya yote hayagharimu kitu. Lakini mzazi ambaye kichwa chake kiko kwenye karo hawezi kuyafanya. Hapo ndipo sisi tunaingia.

Siku 100, shilingi 75

Tufanye mfano. Tuseme karo ya muhula wa kwanza ni 4,500, sare 1,500, viatu 800, begi na chupa ya maji 700. Jumla ni shilingi 7,500. Ukizitafuta zote wiki ya kwanza ya Januari, utaishia kwenye mkopo wa simu.

Sasa hesabu tena. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 23 Desemba ni siku 100 kamili. Gawa 7,500 kwa 100, unapata shilingi 75 kwa siku. Kwa mtu wa kibanda, hizo ni pesa za soda na mandazi. Ukipenda kwa wiki, ni 525.

Ziweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, na uifunge mpaka Januari. Tunasisitiza kufunga kwa sababu Desemba ina maneno matamu: nauli ya ocha, harusi ya binamu, mbuzi wa Krismasi. Pesa iliyo wazi husikia maneno hayo haraka sana. Na ukiruka siku moja, usivunjike moyo ukaacha. Kesho weka ya siku mbili.

Shule ikikubali kulipwa kidogo kidogo kabla ya muhula, bora zaidi. Uliza mapema, na upewe risiti kwa kila malipo.

Kabla hujabonyeza tuma

Mama wa mgongo wazi alitupa ruhusa ya kusema alipokosea, ili wewe usikosee.

Nambari ya malipo ichukue kwenye barua ya kujiunga au ofisini, si kwenye ujumbe ulioingia wenyewe. Ukiambiwa nambari imebadilika, usipigie aliyekutumia ujumbe. Pigia shule kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, au tembea mpaka ofisini.

Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama unalipa shule na jina ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Ukilipa kwa Paybill, sehemu ya akaunti weka nambari ya usajili ya mtoto, au jina lake kama shule ilivyokuelekeza, ili pesa zisiingie kwa jina la mtoto mwingine.

Ukigundua umekosea, omba kurudishiwa papo hapo kupitia programu yetu au huduma kwa wateja. Usianze kubembelezana na aliyepokea, maana kila dakika inampa nafasi ya kuzitoa. Na PIN yako ni yako peke yako. Mfanyakazi wetu hatakuuliza kamwe, hata akijua jina lako lote na la mtoto.

La mwisho: usitume karo ukiwa mbele ya karai. Kaa chini kwanza. Samaki wataungua kidogo, lakini shilingi 4,500 hazitaungua.

Tulipokuwa tunaaga, tulimwuliza mama yule kama amejiandaa kwa Januari ijayo, maana mdogo wake naye anaingia PP1 na mkubwa anaenda PP2. Alitoa simu, akatuonyesha akiba yake iliyofungwa. Alikuwa ameanza Agosti. Pale mlangoni kifungua mimba alikuwa amekaa na mdogo wake, wanacheza kalongolongo ya duka. Mkubwa alikuwa na kipande cha sabuni mkononi. Hakukiweka sikioni. Alikiangalia kwa makini, akamwambia mdogo wake: “Ngoja, nisome jina kwanza.”