Bega Likiuma, Usilifunge: Lizoeshe Kazi Upya

Mtazame fundi rangi akipaka dari. Uso juu, mkono juu, rola inakwenda na kurudi tangu saa mbili asubuhi. Jioni anavua fulana, na mkono ukifika usawa wa bega unagoma: kitu kinamchoma kwenye bega na kushuka ubavuni mwa mkono hadi karibu na kiwiko. Usiku akilalia upande huo, usingizi unakatika. Msusi anayajua maumivu haya, na mama anayeanika nguo kwenye kamba ya juu anayajua pia.

Wengi huchagua moja kati ya mawili: kuufunga mkono kwa khanga na kuuacha hivyo wiki nzima, au kujikaza na kuendelea kama kawaida. Yote mawili hulichelewesha bega kupona.

Ili kuelewa sababu, chukua chungwa uliweke juu ya kisosi cha kahawa. Ndivyo kichwa cha mfupa wa mkono kilivyokaa begani: duara kubwa juu ya kisahani kidogo. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli minne midogo, ambayo kano zake hukizunguka na kukikumbatia. Juu yake kuna paa la mfupa, na katikati kuna kifuko chembamba cha ute cha kulainisha mwendo. Kano zikilemewa, kwa kazi iliyozidi ghafla au kwa misuli iliyodhoofika, huanza kuuma, hasa mkono ukipita kati ya nyuzi 60 na 120.

Mwaka 1972, daktari mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba kano hizo husagwa na lile paa la mfupa. Tiba ikaonekana wazi: lichonge paa. Kwa miongo kadhaa mabega mengi yakachongwa. Kisha watafiti wa Uingereza wakalipima jambo hilo. Wagonjwa 313 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walichongwa mfupa, wa pili waliingizwa kamera tu bila kuchongwa, wa tatu hawakupasuliwa. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2018: waliochongwa hawakuwapita walioingizwa kamera tu, na tofauti yao na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno. Watafiti wa Finland nao walikuta kuchonga hakuna faida kubwa kuliko upasuaji wa kuigiza. Kwa walio wengi, basi, shida ni kano iliyobebeshwa kuliko uwezo wake, na dawa yake kuu ni kuuongeza uwezo huo taratibu.

Anza kwa kupunguza mzigo bila kuuacha mkono ulale. Fundi ainue jukwaa hadi dari imkaribie, au afunge rola kwenye mti mrefu. Msusi amkalishe mteja chini, yeye akae kitini. Kitandani, lalia upande mzima, na mkono unaouma uukumbatishe mto.

Kisha lifundishe bega. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukifunge kwenye nondo ya dirisha kwa usawa wa kiwiko. Simama ubavu ukielekea dirisha, mkono unaouma ukiwa upande wa mbali. Kunja kiwiko, ukibane ubavuni pamoja na taulo lililokunjwa, kisha vuta tyubu kwenda nje ukihesabu hadi tatu, na urudi polepole vilevile. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Maumivu kidogo yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yakizidi, legeza tyubu. Jipe wiki 12, maana kano hujengeka polepole.

Vidonge ni vya muda mfupi. Ibuprofeni na diklofenaki usizinywe kiholela, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo au moyo. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini mwenye kisukari amwambie daktari kwanza, kwani hupandisha sukari.

Usingoje nyumbani ikiwa ulianguka na mkono hauinuki, bega limevimba na una homa, au mkono umekufa ganzi. Mkono usioinuka hata ukiinuliwa na mwingine unaweza kuwa bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi wenye kisukari. Maumivu ya bega yakiandamana na kifua kubana na jasho, kimbia hospitali saa hiyo hiyo: huenda ni moyo.

Kwa fundi wetu, kipimo cha kupona ni ile fulana. Kila wiki, jioni anapoivua, aangalie mkono unagomea wapi. Ukipita pale ulipogoma juma lililopita, hata kwa upana wa kidole, bega linajifunza.