Mashine za Useremala za Mtumba: Kinachonunulika na Kisichonunulika

Mashine nzito ya useremala huzeeka polepole kuliko gari. Randa ya meza iliyoundwa miaka ya 1960 inaweza kunyoosha ubao wa mninga leo sawasawa na ilivyofanya siku ilipotoka kiwandani, ilimradi meza zake hazijapinda na mwili wake haujapasuka. Mwili huo ni chuma kilichosubiwa, kizito, kinachomeza mtikisiko. Vinavyochakaa kwa kawaida ni vichache: beringi, mkanda, visu, swichi. Vyote hivyo hupatikana Kariakoo au Kirinyaga Road kwa mtu anayejua namba na vipimo vyake. Nafuu ya mashine ya mtumba iko hapo, na mtego wake uko hapohapo: kasoro zinazotibika dukani na zile zisizo na dawa huuzwa pamoja, mara nyingi chini ya rangi moja mpya.

Bei kushuka kuna sababu zake. Karakana nyingi za Ulaya zimefungwa au zimehamia kwenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, na shule kadhaa zimeacha kufundisha useremala. Seremala wa nyumbani kule Uingereza ana gereji finyu na umeme wa fezi moja, kwa hiyo mashine ya fezi tatu yenye uzito wa nusu tani haimfai hata akipewa bure. Ndivyo Wadkin ya Leicester, SCM ya Rimini au msumeno wa Altendorf kutoka Minden unavyoweza kuuzwa kwa bei inayokaribia ya chuma chakavu, ukapakiwa kwenye kontena na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Nyingine hazitoki mbali. Ni mali za viwanda vilivyofilisika, karakana za vyuo na mashirika, zinazopigwa mnada pamoja na madawati na magari mabovu. Kwenye minada ya aina hii mashine nzuri hupita bila kugombewa, kwa kuwa wengi waliofika wamefuata magari.

Kabla ya kutazama chuma, mnunuzi makini husoma kibati cha mota. Umeme wa Afrika Mashariki, kama wa Ulaya, una masafa ya Hz 50. Fezi moja hutoa volti 230 hadi 240, na fezi tatu volti 400 hadi 415. Mashine ya Ulaya kwa hiyo haina ugomvi na nguzo ya mtaani, ila fezi zenyewe lazima ziwepo. Kuvuta fezi tatu hadi kwenye kibanda kisicho nazo kunaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe, na maombi ya laini hiyo yanapaswa kutangulia malipo ya mashine.

Wasio na fezi tatu huwa na njia ya inveta, kifaa kinachopokea fezi moja na kutoa tatu. Inveta za kawaida za namna hii hutoa volti 230, na hapo kibati ndicho kinachoamua. Kikiandikwa 230/400 V chenye alama Δ/Y, mota inaweza kubadilishwa kutoka muungo wa nyota kwenda delta ikafanya kazi. Kikiandikwa 400/690 V, haitapata nguvu zake zote kwa inveta hiyo. Mota nyingi za zamani za Uingereza zina usumbufu wa ziada: nyota imefungwa ndani kabisa ya nyaya, na kwenye boksi la viunganishi zinatokeza ncha tatu tu badala ya sita. Fundi wa kusuka mota anaweza kuzifukua hizo nyingine, lakini ujira wake uingie kwenye hesabu mapema.

Mashine za Marekani na Japani zinataka uangalifu zaidi. Marekani hutumia Hz 60, kwa hiyo mota yenye mizunguko 3,450 kwa dakika ikiletwa huku itazunguka takriban 2,880, na visu vitapunguza kasi kwa sehemu moja ya sita. Puli kubwa kidogo upande wa mota hurudisha kasi hiyo. Japani ina mifumo miwili, Hz 50 upande wa mashariki na Hz 60 magharibi, na volti zake ni 100 kwa fezi moja na 200 kwa fezi tatu. Randa ndogo iliyotoka Osaka ikichomekwa kwenye soketi ya volti 240 bila transfoma haitamaliza hata ubao wa kwanza.

Baada ya umeme huja chuma, na hapa ndipo muda mwingi wa ukaguzi unapostahili kutumika. Randa ya meza ina meza mbili, ya kuingizia na ya kutolea, zinazopaswa kulala kwenye usawa mmoja. Kipimo chake ni rula ya chuma iliyonyooka ya mita moja au zaidi, na fila geji. Meza hulinganishwa kimo, rula ikalazwa juu ya zote mbili kwa urefu, kisha kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipenya chini ya rula kwenye ncha za nje, meza zimelegea kwenye njia zake za kuteleza. Ugonjwa huo unatibika kwa kukaza vishikio au kuweka vibati vyembamba. Lakini mwanga ukionekana katikati ya meza moja peke yake, au mshazari mmoja ukikaa vizuri na mwingine ukacheza, meza hiyo imejipinda. Dawa yake ni kuipeleka kwenye mashine kubwa ya kusaga chuma, na zilizopo si nyingi.

Nyufa hutafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: sehemu inapanguswa, inaachwa ikauke, na ufa hubaki na mstari mweusi wa unyevu. Mahali pa kuanzia ni miguu, masikio ya bolti na shingo zinazobeba meza, kwani huko ndiko foko lifti hugonga. Chuma kilichosubiwa kikichomelewa kwa welding ya kawaida hupata ufa mwingine kando ya kiraka. Mashine yenye kiraka kwenye sehemu inayobeba mzigo ni ya kuachwa, hata muuzaji akishusha bei mara mbili. Rangi mpya nayo itazamwe kwa jicho kali. Huwa imepakwa kwa ajili ya mnunuzi, na mashine iliyofunikwa vumbi la mbao na grisi ya zamani mara nyingi husema ukweli zaidi.

Beringi hazipaswi kumtisha mtu. Mkanda ukivuliwa, kichwa cha visu huzungushwa kwa mkono. Kikikwaruza au kikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Namba yake huchongwa ubavuni: 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na unene wa 15, iwe ndani ya mashine ya Italia au ya pampu ya maji. Kelele ya beringi basi ni hoja ya kupunguziwa bei, na mnunuzi asione haya kuitumia. Shafti iliyopinda ni kisa kingine. Ikiwezekana mashine iwashwe, na sarafu ya shilingi 200 isimamishwe kwa ubavu juu ya meza. Ikibaki imesimama, vinavyozunguka vimelingana. Baada ya dakika kumi mkono uguse nyumba za beringi, na pua isogee kwenye mota. Harufu ya vanishi iliyoungua haina maelezo mazuri.

Kichwa cha visu chenyewe kiwe cha mviringo. Mashine kongwe sana zina vichwa vya mraba, ambavyo vikizunguka huacha mwanya mpana mbele ya kisu. Kidole kikiteleza hapo, mkono hufuata. Hakuna bei inayohalalisha randa ya namna hiyo. Vivyo hivyo msumeno wa meza usio na kisu cha kutenganishia nyuma ya diski: ubao hubana meno na kurushwa tumboni mwa fundi. Hiki cha pili angalau kinaweza kutengenezwa, ilimradi mahali pake pa kufungia papo.

Kwa mashine nyingine ukaguzi ni mfupi. Msumeno wa meza hupimwa kwa kuchagua jino moja la diski, kulilinganisha na fensi upande wa mbele, kisha kuligeuza hadi nyuma. Umbali ukitofautiana, fensi haiko sambamba na diski, nayo hurekebishwa kwa bolti zake. Msumeno wa mkanda huangaliwa magurudumu na mpira uliovishwa juu yake. Randa ya unene ina siri zake kwenye rola za kuvutia mbao na giaboksi. Mashine ya kukereza ndiyo rahisi kuliko zote kununua. Zile za kazi tano kwa pamoja, kama Robland za Ubelgiji, huokoa nafasi kwenye karakana ndogo, ila huchoka kwenye viungio vya kubadilishia kazi, na kila kiungio kijaribiwe kimoja kimoja.

Kinachokosekana hugharimu kuliko kilichoharibika. Fensi iliyopotea, mkono wa kuinulia meza, gia yenye meno ya ajabu: vitu hivi haviko dukani, na vikichongwa upya hulipiwa kwa saa za fundi. Bolti nazo huudhi. Mashine za Uingereza za kabla ya kuhamia mita zina hesi za Whitworth, na bolti ya nusu inchi ya huko ina meno 12 kwa inchi ilhali ile ya Marekani ina 13. Zitaingia mizunguko miwili, kisha zikwame.

Tuseme basi randa mbili zinauzwa, moja shilingi milioni 3 ikiwa inafanya kazi, nyingine milioni moja na nusu ikiwa imelala. Ya pili inahitaji beringi, visu, kiwashio na mkanda. Vyote vikigharimu laki saba, ni nafuu ya kweli. Ikikosa fensi na mota ikiwa imeungua, hesabu imegeuka. Usafiri uingie pia. Randa ya kiwandani yenye upana wa milimita 400 huweza kufika kilo 500 au zaidi, na haibebwi kwa kushikwa meza, kwani meza zilizokuwa zimenyooka dukani hufika zimepinda. Inanyanyuliwa kwa kitako, na ndani ya karakana husukumwa juu ya mabomba ya chuma.

Malipo yaandamane na risiti yenye namba ya mashine iliyo kwenye kibati, hasa kwa kilichotoka katika taasisi. Kwa mashine iliyoko ng'ambo, picha hazitoshi. Itakiwe video inayoanzia kwenye kibati na kuishia mashine ikiwaka ikiwa baridi.

Siku ya kuiwasha, visu huondolewa kwanza. Kichwa kikizunguka kinyume, fundi umeme hubadilishana waya mbili kati ya tatu. Kiwashio kiwe na kinga ya mzigo iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati, kwa sababu fezi moja ikikatika mtaani mota huendelea kunguruma kwa mbili zilizobaki hadi iungue. Kisha visu hurudishwa, vyote kwa kimo kimoja, na mbao za mwanzo ziwe za paini. Mvule huficha mawe madogo ya chokaa ndani yake, na mtiki una chembe za silika. Vyote viwili hula makali ya visu vya chuma cha kawaida, na seremala anayeviranda kila siku atahitaji visu vya kabaidi.