Mandera Si Mwisho wa Dunia: Kweli na Uongo Kuhusu Safari za Ndege Kaskazini Mashariki

Ukitaja Mandera jijini Nairobi, wengi hukwambia huko ni mwisho wa dunia. Fikra hiyo imeletwa na barabara, maana abiria wa basi hulala njiani. Hebu tupime safari hizi angani, kauli moja baada ya nyingine.

"Nairobi ndio mji mkuu ulio karibu zaidi na Mandera."
UONGO. Kwa mstari ulionyooka, Nairobi iko takriban kilomita 800 kutoka Mandera. Addis Ababa ni kama 650, na Mogadishu hazizidi 450. Bula Hawa, mji wa Somalia, uko ng'ambo tu ya mpaka, mwendo wa miguu.

"Ndege ikienda kilomita 500 kwa saa, Mandera ni saa moja na dakika 36 kamili."
UONGO. Hesabu hiyo ni ya ndege iliyokwisha kufika juu na kushika kasi yake. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena. Humo mna kusubiri zamu ya kuruka kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kupanda, kushuka, na pengine kuzunguka ili itue ikikabili upepo.

"Kwenda na kurudi huchukua muda uleule."
SI LAZIMA. Kati ya Juni na Septemba, kusi huvuka ikweta kupitia mashariki mwa Kenya kama mto uliofurika. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliueleza mkondo huo, ambao huvuma kwa nguvu zaidi kwenye kimo cha kama kilomita moja na nusu. Ndege ndogo ikielekea kaskazini kwa kimo hicho husukumwa kwa nyuma. Ikirudi, hupambana nao uso kwa uso.

"Ukijua kilomita, umejua na saa."
UONGO. Kutoka Mogadishu hadi Nairobi ni takriban kilomita 1,000. Hata hivyo, kwa miaka mingi ndege za abiria zilitakiwa kutua kwanza Wajir kwa ukaguzi wa usalama. Watu walishuka, mabegi yakafunguliwa, wakapanda tena. Kilomita hazikubadilika sana, lakini saa ziliongezeka.

"Makka iko moja kwa moja kaskazini mwa Garissa."
KWELI. Miji hii miwili iko karibu kwenye longitudo moja, na kati yake ni takriban kilomita 2,400. Haji akishuka Jeddah hana haja ya kugusa saa yake, kwa kuwa Kenya na Saudia hutumia majira mamoja. Mzee wa Garissa anapotandaza mkeka wake adhuhuri, huuelekeza kaskazini, upande wa njia ya Modogashe. Kwake yeye, upande ambao Nairobi huuita mwisho wa dunia ndiko kibla kiliko.