Ngano Nyingi, Mkate Mzito

Kuna jambo liwashangazalo wakulima wengi wa ngano. Mvua imenyesha vizuri, masuke yamejaa, magunia ni mengi kuliko ya mwaka uliopita. Lakini unga wake ukikandwa na kuokwa, mkate hauumuki sawasawa. Watu husema mbegu imeharibika. Mara nyingi mbegu haina kosa.

Punje ya ngano ina vitu viwili vikubwa, yaani wanga na protini. Protini ndiyo iufanyayo unga uliokandwa uvutike kama ulimbo na kushika hewa ya hamira. Ngano ya mikate yatakiwa iwe na protini kiasi cha 12 katika kila 100. Yenye 9 yafaa zaidi kwa biskuti.

Protini hutengenezwa kwa nitrojeni, na sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo mmea huivuta ardhini kabla ya kuchanua, ukaiweka akiba katika majani na mabua. Punje zianzapo kujaa, majani huitoa akiba ile kuipeleka katika suke. Ndiyo sababu moja ya kugeuka manjano. Wanga hutengenezwa zaidi baada ya kuchanua, kwa nguvu ya jua, maji na hewa. Basi penye baridi na unyevu, kama Molo, majani hukaa mabichi siku nyingi na wanga huzidi kuingia. Protini ile ile huenezwa katika punje kubwa ikawa haba, kama chai iliyoongezwa maji. Jua kali likiukatiza msimu, punje husinyaa na kiasi cha protini hupanda. Lakini mkulima asifurahie: hakupata protini zaidi, amepoteza wanga. Na joto likizidi mno, protini yenyewe huwa dhaifu.

Sasa tufanye hesabu. Gunia la kilo 90 lenye protini ya 11.4 katika 100 limebeba nitrojeni kilo 1.8 hivi. Ekari ikitoa magunia 20, kilo 36 zimeondoka shambani, karibu sawa na zile zilizomo katika magunia matatu ya kilo 50 ya mbolea ya CAN. Udongo hutoa sehemu yake, ni kweli. Lakini aliyetia gunia moja tu asiulaumu mkate.

Mbolea ya mapema huongeza mavuno. Ile itiwayo karibu na kuchanua ndiyo iendayo zaidi katika protini, mradi ardhi iwe na unyevu, la sivyo itakaa juu bure. Tena aliyevuna njegere shambani humo msimu uliopita ana akiba kidogo ardhini. Aliyepanda ngano juu ya ngano miaka mitano hana.