Alama na Kiini: Jinsi Rangi Zing'aazo Zinavyoathiri Polima katika Mmumunyo

Utangulizi

Makala hii inanuia kufafanua suala la kikemia ambalo, kwa mtazamo wa haraka, liko mbali na taaluma yetu: namna rangi zing'aazo, zinapobandikwa kwenye polima ili zionekane, zinavyoweza kuibadili tabia ya polima hizo ndani ya maji. Tuanzie Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ambako polima si kitu kigeni. Nchi hiyo kame ina migunga mingi, na migunga hutoa utomvu unaokauka ukawa gundi. Gundi ya mgunga aina ya Acacia senegal, ulioenea katika maeneo makavu ya Kenya, ni polima ya asili inayotumiwa katika vinywaji, peremende na dawa.

Polima na haja ya alama

Polima ni molekuli kubwa iliyoundwa kwa viungo vidogo vingi vilivyoshikamana mfano wa shanga katika uzi. Wazo hili lilitolewa na Hermann Staudinger wa Ujerumani mwaka 1920. Wengi walilipinga, lakini mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Katika gundi ya mgunga viungo hivyo ni sukari, hasa galaktosi na arabinosi, na mnyororo wake una matawi mengi.

Gundi hiyo ikikorogwa katika maji humumunyika. Je, minyororo yake imejikunja au imejinyoosha? Imetengana au imekumbatiana? Jicho haliwezi kujibu. Ndipo mtaalamu anapobandika rangi ing'aayo, yaani dutu inayofyonza mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. George Gabriel Stokes alilipa tukio hilo jina la floresensi mwaka 1852. Nayo floresini, mojawapo ya rangi mashuhuri za aina hii, iliundwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871. Mwanga ukifuatwa, mnyororo nao hufuatwa.

Kiambishi kidogo, maana mpya

Tatizo ni kwamba alama nayo ni dutu yenye tabia zake. Mwanafunzi wa mofolojia ataelewa upesi. Mzizi -shik- ukiambikwa -an- huzaa shikana: kiambishi ni kifupi, lakini uhusiano wa mtendaji na mtendwa umegeuka kabisa.

Mfano halisi ni wa pirini, rangi yenye tabia ya mafuta, isiyopatana na maji. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Curtis Frank na Alice Gast, walichapisha uchunguzi wa polima iitwayo poli(ethilini glaikoli) iliyobandikwa pirini katika ncha zake mbili. Chukua mnyororo wenye uzani wa molekuli wa 10,000: pirini mbili huongeza takriban 400 tu, yaani 4 kwa 100. Hata hivyo, ndani ya maji pirini hukimbiliana ili ziyaepuke maji, na ncha zikavutwa pamoja. Pirini mbili zikikaribiana, mwanga wa zambarau hugeuka kuwa wa buluu-kijani. Asiyejihadhari atahitimisha kwamba polima yenyewe hupenda kujikunja, ilhali kilichoikunja ni alama.

Joto nalo huhusika. Polima iitwayo poli(N-isopropilakrilamaidi) humumunyika katika maji yaliyo chini ya nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Joto likizidi hapo, minyororo hunywea na kushikana, na maji yakawa meupe kama maziwa. Chupa iliyo angavu alfajiri huko Tseikuru yaweza kuwa na ukungu adhuhuri ya msimu wa joto. Alama zisizopenda maji zikiongezwa, ukungu huo hutokea mapema zaidi.

Chaji ya umeme ni njia nyingine ya athari. Gundi ya mgunga ina chaji hasi kutokana na asidi yake ya glukuroniki. Floresini, ambayo nayo huwa hasi katika maji yasiyo na asidi, husukumana nayo. Rangi yenye chaji chanya, kama rodamini 6G, huvutwa nayo.

Tahadhari za mtafiti

Wataalamu hawakuacha kutumia rangi, walijifunza kuzihoji. Hubandika alama chache iwezekanavyo. Hurudia jaribio kwa rangi ya aina tofauti. Hulinganisha polima yenye alama na isiyo nayo kwa vipimo visivyohitaji rangi, kama vile unato. Tena hubadili idadi ya alama hatua kwa hatua, kisha hukadiria matokeo yangekuwaje alama zingekuwa sifuri.

Hitimisho

Suala hili latuhusu. Mwanafunzi wa isimu aendaye Tseikuru kukusanya data ya Kikamba au Kiswahili hubeba kinasa sauti, na kinasa sauti ni alama. Msemaji akikiona, huenda akasanifisha matamshi na kuficha lahaja yake. Mwaka 1972 William Labov alilieleza tatizo hilo kama kitendawili cha mtazamaji: twataka kujua watu husemaje wasipotazamwa, nasi hatuna budi kuwatazama. Wahenga walilijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi tuige wanakemia: tulinganishe data ya mbinu mbalimbali, na tueleze bayana katika tasnifu zetu ni alama gani tuliyoibandika.